Saa 14 na Feri ya Likoni

Juzi kazini, hapa New Jersey, mwenzangu alichukua simu, akatafuta safari ya New York hadi Nairobi, kisha akanionyesha: kilomita kama 11,800, saa 14. "Kumbe si mbali," akasema. "Unalala, unaamka, uko kwa mama." Ni siku ya tatu leo na neno hilo bado linanichoma.

Hapa umbali hupimwa kwa saa. Muulize mtu wazazi wake wanakaa wapi, atakwambia "saa mbili kwa gari", na kweli atafika kwa saa mbili. Ndege nayo ni hivyohivyo. Tangu Oktoba 2018, Kenya Airways ilipoanza safari ya moja kwa moja, kwenda Nairobi ni saa 14 na kurudi ni 15, kwa kuwa pepo za juu huvuma kutoka magharibi kwenda mashariki: ukienda nyumbani zinakusukuma, ukirudi huku zinakukabili. Nilipomweleza mama, akasema, "Hata upepo wajua kwenu ni wapi, mwanangu."

Lakini mama hayuko Nairobi; yuko Likoni, Mombasa, upande wa pili wa feri. Mwaka 2019 ami yangu alifariki Mombasa alfajiri. Kwetu huku ilikuwa bado usiku wa jana yake. Nikakata tiketi usiku huohuo. Ndege ilikuwa iondoke kesho yake, adhuhuri ya huku. Wenyewe mwajua mambo yetu: maiti haikai. Aliswaliwa baada ya swala ya adhuhuri ya Mombasa, akazikwa, na mimi sijatoka hata mlangoni kwangu. Hizo saa 14 zingekuwa saa sita bado nisingemuwahi.

Nikaenda vivyo hivyo. JFK, Nairobi, kusubiri ndege ya Mombasa, teksi kutoka Port Reitz, Changamwe, Makupa, mpaka kwenye feri. Ilikuwa jioni, watu wametoka kazini, umati umejaa hadi juu ya mteremko. Nimevuka bahari ya Atlantiki na Afrika nzima, sasa nimesimama na sanduku nikitazama upande wa pili, maji ya nusu kilomita hivi, mama yuko kule. Nilipompa mkono nilikuwa nimekaa njiani saa 27. Hakuniuliza saa. Aliuliza, "Umetoka siku gani?"

Kwa mtu wa Likoni, kisiwani ni ng'ambo. New York pia ni ng'ambo. Neno ni lilelile, na zamani lilikuwa likiniudhi, nikiona wazee wanachanganya feri na ndege. Siku ile nilielewa walichokuwa wakipima: kuna maji kati yako na watu wako, na kuvuka si amri yako.

Basi wewe uliye huku, mama akikuuliza waja lini, usimtajie saa za ndege. Mtajie siku, nawe uende yeye angali hai.