Digrii ya Pili Niliianza Juu ya Simu ya Mathe

Kila nikisema nasomea shahada ya uzamili ya usalama wa mtandao, swali huwa moja: "Buda, hiyo italipa ngapi?" Siwalaumu. Karo ni pesa, na kuna wasee wako na digrii mbili na bado wanazunguka na bahasha hadi leo. Lakini mimi sikuanzia kwa mshahara. Nilianzia kwa simu ya mathe.

Mathe ni mweka hazina wa chama chao huko Githurai. Siku moja alipigiwa na jamaa mpole, akaambiwa laini yake itafungwa asipothibitisha usajili. Akamsomea namba zilizoingia kwa SMS, kisha PIN. Dakika kumi baadaye, shilingi 38,000 za wamama zilikuwa zimeenda. Alizilipa kidogo kidogo kwa miezi saba bila kuniambia. Nilikuja kuambiwa na dada yangu.

Sasa fikiria, wakati huo mimi niko na digrii ya kompyuta. Najua fayawoli, najua vile data husimbwa. Na sikuwa nimewahi kukaa na mamangu hata dakika tano nimwambie PIN haiambiwi mtu.

Ndio nikarudi darasani. Mchana natengeneza kompyuta za ofisi ya watu, jioni niko klasi, saa tatu usiku natafuta matatu. Tunasoma usimbaji, uchunguzi wa ushahidi wa kidijitali, kupima hatari, na sheria. Unakumbuka Julai 2023 huduma za eCitizen zilipokwama? Mfumo ulirushiwa maombi mengi kwa mpigo hadi ukazidiwa, kama steji nzima ikigombania matatu moja. Kundi linalojiita Anonymous Sudan likadai ni kazi yake. Shambulio kama hilo mainjinia wako na njia za kulikabili. La mathe, hakuna programu utapakua liishe.

Nisikudanganye. Kama unataka kazi haraka, si lazima digrii ya pili. Rafiki yangu mmoja alifanya cheti cha Security+, akawa anajipima kwa TryHackMe kila usiku, na akaajiriwa kabla nimalize muhula wa kwanza. Namheshimu sana. (Ila huo ujanja ujaribu kwa maabara tu. Kwa sheria ya makosa ya mtandao ya 2018, kuingia mfumo wa mtu bila ruhusa ni kosa, hata kama ulikuwa "unaangalia tu".) Cheti kitakufundisha kutumia vifaa. Uzamili unakulazimisha kuchagua swali moja na kukaa nalo hadi likupe jibu. Kama huna swali, unanunua tu deni.

Swali langu ni hili: kwa nini mtu mwerevu hupea mgeni PIN? Kabla sijaandika hata ukurasa mmoja wa tasnifu, nilienda kumuuliza mathe. Nilidhani atasema aliogopa laini kufungwa. Akaendelea kukata sukuma, halafu akasema:

"Aliniita mama. Akaniuliza nimeshindaje. Wewe ulikuwa na wiki mbili hujanipigia."

Hakusema kwa ubaya. Lakini manze, hiyo haiko kwa slaidi za lekchara yeyote.

Tasnifu bado, na karo ya muhula huu nimelipa nusu. Lakini kila Jumapili nampigia. Juzi, kabla hata nimsalimie, akaniwahi: "Ngoja kwanza. Yule paka wetu wa zamani aliitwaje?"

Nikacheka, nikamjibu. Akasema, "Sawa, ni wewe. Sasa niambie, umekula?"