Safura na Damu Inayopasuka

Katika Kiswahili cha hospitali kuna maneno matatu ambayo hakuna msomaji asiyeyajua: upungufu wa damu. Huambiwa mama mjamzito, huambiwa mtoto aliyetoka kuugua malaria, huambiwa mzee mwenye vidonda vya tumbo. Mimi niliambiwa mwezi wa nne baada ya kuwekewa valvu bandia ya moyo, na tangu hapo nimepata wasaa mrefu, kuliko nilivyoutaka, wa kuyapima maneno hayo.

Moyo una milango minne midogo inayopitisha damu upande mmoja na kuizuia isirudi. Wengine huandika vali, wengine valvu; mimi hupenda kusema kilango, kwa kuwa jina hilo linaieleza kazi yenyewe. Kilango changu cha kushoto, kilicho kati ya chumba cha juu na cha chini, kiliharibiwa na homa ya baridi yabisi ya utotoni, ile ambayo huanza kwa maumivu ya koo tu. Nilipokuwa na miaka 39 kilitolewa, kikawekwa kingine cha kaboni ngumu. Hiki hulia. Usiku, nyumba ikitulia, hutoa mlio mwembamba kama wa saa ya mkononi, nami kwa mazoea ya mshairi nikawa nayahesabu mapigo nane nane, kama mizani ya vipande vya shairi, mpaka usingizi unichukue.

Kupungua kwa damu wiki za mwanzo hakukumshangaza mtu. Kifua kimepasuliwa, damu imemwagika, mwili utatengeneza nyingine. Lakini mwezi wa tatu ulipita, nikawa sipandi ngazi za shule bila kusimama katikati. Mapigo ambayo nilizoea kuyahesabu polepole yakawa yanakimbilia 108 kwa dakika, na mizani ikanipotea. Himoglobini ilikuwa 7.6, wakati kwa mwanamke hutarajiwa isipungue 12.

Hapo ndipo maneno matatu yalipoanza kufanya kazi yake nyumbani. Kilichopungua huongezwa, ndivyo lugha inavyotufundisha kufikiri. Shangazi yangu, aliyetoka Pangani kuja kuniuguza, akajaza sufuria: matembele, kisamvu, mchicha, maini ya ng'ombe, na jagi la juisi ya rozela. Mapenzi yake yalikuwa makubwa, na mboga zake tamu. Ila mwenye kilango cha kaboni hunywa warfarini kila siku, maisha yake yote, ili damu isigande juu ya kilango hicho, na majani mabichi yana vitamini K, inayoipunguza nguvu dawa hiyo. Kipimo changu cha kuganda, kinachoitwa INR, kilitakiwa kiwe kati ya 2.5 na 3.5. Baada ya wiki mbili za matembele kilikuwa 1.7. Bonge dogo la damu likishikamana na kilango huweza kukikwamisha, au kung'oka na kwenda kwenye ubongo. Muuguzi hakutukataza mboga. Alisema tu zipikwe kwa kiasi kilekile kila wiki ili dawa ipimwe kulingana nazo, na Shangazi akaondoka pale amekunja uso, kwa sababu hajapata kuambiwa kwamba matembele yana dozi.

Na damu haikuongezeka.

Wanaopenda sarufi watanivumilia kidogo. Tunasema fulani amepungukiwa na damu, au ameishiwa damu. Vitenzi hivi vina mwenye kupatwa na jambo, lakini havina mtenda. Vilinganishe na kuibiwa, ambacho kina mnyambuliko huohuo: mtu akisema ameibiwa, swali la pili ni nani aliyemwibia. Akisema ameishiwa, swali la pili ni atapata wapi nyingine. Kwa miezi kadhaa sisi sote tulikuwa tunauliza swali la pili la kitenzi kisichokuwa chetu.

Aliyekaribia ukweli ni Shangazi mwenyewe. Asubuhi moja alinivuta ukope wa chini, akakuta weupe, kisha akaitazama mboni na pembe za macho mbele ya dirisha. "Mwanangu," akasema, "hii si kukosa damu tu. Hii safura. Macho yako manjano."

Vijana wengi hawalitumii tena neno hilo, na wanaolijua hulihusisha na minyoo inayofyonza damu tumboni. Asili yake ni Kiarabu, kutoka katika neno lenye maana ya rangi ya manjano. Nilimwambia daktari kwamba shangazi yangu ameona manjano, na kwamba mkojo wangu wa asubuhi una rangi ya chai ya rangi iliyokolea. Akaiweka kalamu chini.

Vipimo vilivyofuata havikuwa vya kuhesabu damu, bali vya kuuliza inakwenda wapi. Chembe nyekundu ikipasuka, himoglobini yake humwagika; sehemu yake hugeuka kuwa bilirubini, ambayo ndiyo manjano ya macho, na nyingine huchujwa na figo, ikaondoka na madini ya chuma. Haptoglobini, protini inayookota himoglobini iliyomwagika, kwangu ilikuwa imekaribia kwisha. Damu ikapakwa kwenye kioo, ikatazamwa kwa darubini: vipande vilivyochanika, vingine vya pembetatu, vingine mfano wa kofia ya chuma ya askari. Mwishowe, kifaa cha mawimbi ya sauti kilichopitishwa kooni kilionyesha kijitundu pembeni mwa kilango, mahali ambapo pete yake ilishonwa. Kila pigo, damu ilikuwa inarushwa kwa nguvu kupitia mwanya ule na kurudi ilikotoka.

"Damu yako haipungui, Mwalimu," daktari akaniambia. "Unaitengeneza sana. Inapasuka."

Jambo hili si la vilango peke yake. Mwaka 1881 tabibu Fleischer alimweleza askari mmoja kijana wa Kijerumani aliyekuwa akitoa mkojo mwekundu baada ya mwendo mrefu wa miguu. Chembe zilikuwa zinapondwa chini ya nyayo. Wapiga ngoma wa mikono nao wamepatwa na hali hiyo baada ya kupiga kwa saa nyingi. Chembe nyekundu huishi siku 120 hivi ikiachwa ipite kwa amani.

Ndugu zangu walichangia damu, nikaongezewa chupa mbili. Niliwashukuru kwa machozi huku nikijua kwamba chembe zao nazo zitapita pembeni mwa pete ileile. Nikapewa madini ya chuma kufidia yaliyokuwa yakipotea mkojoni, na asidi ya foliki kwa uboho uliokuwa ukifanya kazi mchana na usiku. Nikapewa pia dawa ya kupunguza kasi ya mapigo, kwani moyo unaokimbia kwa sababu ya uhaba wa damu huzidi kuipasua, na kadiri inavyopasuka ndivyo unavyozidi kukimbia. Mwezi wa saba mwanya ukazibwa kwa kizibo kidogo kilichopitishwa katika mrija mwembamba kupitia mshipa wa kinena, bila kufungua kifua. Haukuziba wote. Himoglobini yangu sasa ni 11.2, na macho ni meupe, isipokuwa nikichoka sana.

Shangazi amebaki nami. Matembele hupikwa Jumatano na Jumapili, bakuli moja, na bakuli lenyewe limewekwa alama kwa rangi ya kucha. Nikitoka kliniki haulizi kama damu imeongezeka. Hunisogeza dirishani, akanivuta ukope, akaniuliza, "Bado inapasuka?" Nami humjibu kuwa inapasuka, lakini kidogo.