Maharagwe ya Watoto wa Nani?

Katika nchi yetu rushwa imepewa majina ya upole. Kinshasa huitwa madesu ya bana, yaani maharagwe ya watoto. Huku mashariki twasema matabishi. Anayeomba maharagwe ya watoto haonekani mwizi, aonekana baba mwema. Nimeyasikia maneno hayo kazini mara nyingi, na kila mara nimejiuliza ni watoto wa nani wanaolishwa, na ni watoto wa nani wanaolipa.

Floribert Bwana Chui bin Kositi alilijibu swali hilo mjini Goma. Alizaliwa huko mwaka 1981, akasomea sheria, akawa mwanajumuiya wa Sant'Egidio, kisha mtumishi wa OCC, shirika la serikali linalokagua ubora wa bidhaa. Walimtolea pesa ili aruhusu vyakula vilivyoharibika vipite mpakani. Alikataa. Tena alimwendea mtawa mmoja aliye daktari, akamwuliza vyakula vile vingewadhuru watu kiasi gani. Hapo ndipo mimi hukawia ninapomtafakari. Wengi wetu hukataa rushwa, tukikataa, kwa kuogopa kukamatwa. Yeye alimfikiria mlaji asiyemjua. Mwezi wa Julai 2007 alitekwa nyara, akateswa na kuuawa, akiwa na umri wa miaka 26. Papa Fransisko alimtaja mbele ya vijana wa Kinshasa mwezi wa Februari 2023, na tarehe 15 Juni 2025 alitangazwa Mwenyeheri mjini Roma.

Twapenda kuimba sifa za shahidi, na ni haki. Lakini sifa hizo zaweza kutuficha jambo moja. Mahali ambapo karani hawezi kuwa mwaminifu pasipo kuwa shujaa, mkubwa wa kazi hajafanya kazi yake.

Kwa miaka kadhaa nilishika daftari katika ghala moja la dawa, nisilolitaja. Mkubwa wetu wa kwanza hakuiba chochote nilichokiona. Mishahara ilipochelewa alituambia tu, "Mjipange," ndiyo ile ibara ya 15 ambayo kila Mkongomani anaijua ingawa hakuna aliyepata kuisoma. Basi watu wakajipanga. Dawa zilizopitwa na wakati, zilizopaswa kuchomwa moto, zikawa zinapungua kabla ya siku ya kuchomwa, na wachuuzi wa sokoni wakawa nazo. Kijana mmoja alikataa kutia sahihi ya uongo. Wenzake wakamwita "Padri", na mkubwa akacheka pamoja nao. Kicheko kile kilifundisha ghala zima kuliko hotuba yoyote.

Aliyemfuata alikuwa mama mmoja mwenye maneno machache. Hakuanza na mahubiri juu ya uaminifu. Alianza kwa kudai mishahara yetu ya nyuma, na sehemu yake ikapatikana. Kisha akabadilisha karatasi ya kuteketezea dawa. Zamani sahihi ya karani ilikuwa ya kwanza na ya mkubwa ya mwisho, hivyo lawama ilianzia chini, na mara nyingi iliishia hukohuko. Yeye aliweka yake ya kwanza, baada ya kuhesabu maboksi kwa mkono wake. Mwenye bahasha akija, karani aliweza kusema, "Nenda kwa Mama." Nao walimwendea. Alitukanwa kwa simu, akatishwa, na nyakati fulani alitoka ofisini macho mekundu.

Alidumu miaka miwili, akahamishwa. Mkubwa mpya akaleta karatasi za zamani, akatutaka tutie sahihi kabla yake. Tulikuwa makarani wanne. Yule aliyeitwa Padri aliweka kalamu mezani, akamwomba kwa heshima aende kwanza kuhesabu maboksi. Nasi watatu tukaweka kalamu zetu kando ya yake.