Queen Mary 2: Chumba Ndicho Kichaguacho Meza

Mtu aionapo Queen Mary 2 kwa mara ya kwanza, ikiwa imefunga gatini Southampton, kusini mwa Uingereza, hudhani ni mtaa mzima wa maghorofa uliosukumwa baharini. Urefu wake ni meta 345. Ilijengwa Saint-Nazaire, nchini Ufaransa, ikaanza kuchukua abiria mwezi wa Januari, 2004. Kazi yake kubwa ni kuvuka bahari ya Atlantiki hadi New York, safari ambayo kwa kawaida huchukua siku saba, usiku na mchana, bila ya kutia nanga popote. Kwa siku hizo zote hakuna hoteli ya jirani wala mgahawa wa kona. Watu hula humo humo, na swali la nani atakula wapi, ambalo nchi kavu huamuliwa mlangoni, humu huwa limekwisha kuamuliwa siku nyingi kabla ya mtu kufunga sanduku lake.

Huamuliwa siku ya kukata tiketi. Vyumba vya kulala vimegawanywa kwa madaraja, na kila daraja lina ukumbi wake wa chakula. Abiria walio wengi hula katika ukumbi uitwao Britannia. Waliolipia vyumba vikubwa hula Princess Grill, na wenye vyumba vya fahari kupita vyote hula Queens Grill. Baina ya makundi hayo wapo wachache wa Britannia Club, chumba kidogo kando ya ukumbi mkubwa. Askari hatalistaajabia jambo hili, kwani kambini nako iko mesi ya maofisa na iko mesi ya askari. Lakini kambini kinachotenga ni cheo, na cheo hupatikana kwa utumishi. Melini kinachotenga ni risiti ya nauli.

Hapo ndipo jamaa wengi wasafirio pamoja hujikwaa. Tuseme ukoo wa watu kumi na wawili unasherehekea miaka hamsini ya ndoa ya babu na bibi. Watoto, kwa heshima ya wazazi wao, wanachanga fedha na kuwakatia wazee chumba cha Queens Grill, nao wenyewe wanachukua vyumba vya kawaida. Jioni ya kwanza wazee wanaongozwa hadi sitaha ya 7, kwenye meza nzuri iliyotandikwa kwa watu wawili. Wana na wajukuu wako chini Britannia, wakiulizana babu anakula nini. Zawadi ileile iliyokusudiwa kuwatukuza wazee imewatenga na sherehe yao. Kumbembeleza mhudumu mlangoni hakufai kitu. Yeye anafuata orodha aliyopewa.

Afadhali basi ukoo huo ungekata vyumba vyote vya daraja moja, daraja ambalo mwenye kipato kidogo kuliko wote analimudu, na fedha za ziada zikanunua chakula cha usiku mmoja katika mkahawa uitwao Verandah. Mkahawa huo hutoza malipo ya peke yake na haumwulizi mtu ametoka chumba gani. Uko pia Kings Court, ukumbi mpana wa kujipakulia, ambamo mwenye chumba cha fahari na mwenye chumba kisicho na dirisha hushika sahani katika foleni moja. Watoto huupenda kuliko kumbi zote.

Wala asidhani mtu kwamba kula Britannia ni kudhalilika. Ukumbi huo umeshika sitaha mbili, ya 2 na ya 3, na huenea karibu upana wote wa meli. Ngazi zake zinamfanya kila ashukaye ajione mgeni rasmi, na ukutani limetundikwa zulia kubwa lililofumwa na msanii wa Uholanzi, Barbara Broekman. Tena, kwa kuwa ukumbi uko chini, mtikisiko wa mawimbi hausikiki sana kama katika sitaha za juu, jambo ambalo mtu mwenye tumbo dhaifu atalishukuru kuliko zulia lolote.

Chakula cha jioni huko huandaliwa kwa zamu mbili. Zamu ya kwanza huanza saa kumi na mbili, ya pili saa mbili na nusu. Hapa kuna hila ndogo ya bahari. Kati ya Southampton na New York ipo tofauti ya saa tano, nayo hufidiwa kidogo kidogo njiani. Meli iendapo magharibi, siku hurefushwa, na njaa hufika kabla ya kengele. Zamu ya kwanza inawafaa wenye watoto na wazee. Irudipo mashariki, saa husogezwa mbele, na aliyechagua zamu ya kwanza hujikuta mbele ya sahani ilhali tumbo lake lingali katika saa ya jana.

Mavazi nayo yana amri zake. Usiku wa sherehe wanaume huvaa suti nyeusi au suti ya rangi iliyoiva, na wanawake nguo za heshima. Asiyependa kujifunga tai hafukuzwi melini. Huenda zake Kings Court au katika baa ya Golden Lion. Kwa hiyo mjomba mmoja mkaidi katika msafara aweza kuigawa meza kama nauli ilivyoweza.

Mgawanyo huu ni wa kurithi. Queen Mary ya kwanza, iliyoanza safari mwaka 1936, ilikuwa na madaraja matatu ya abiria, kila moja na ukumbi wake. Ukutani mwa ukumbi wa daraja la kwanza palikuwa na ramani ya Atlantiki, na kijimeli cha kioo kilichosogea juu yake kuonyesha mahali meli ilipofika. Vita vilipokuja ilipakwa rangi ya kijivu ikabeba askari. Julai 1943 ilichukua watu zaidi ya 16,000 kwa safari moja, nao wakala kwa zamu, kundi likiondoka kundi likiingia. Hivi sasa meli hiyo imefungwa Long Beach, California, haisafiri tena.

Katika meli ya leo, wenye kukata vyumba mbalimbali vya Britannia sharti waieleze ofisi ya tiketi mapema kwamba wao ni kundi moja, na watake zamu moja, wakitaja namba zote za tiketi. Watu kumi na wawili hupewa mara nyingi meza mbili zilizo jirani. Ikiwa kuna kosa, mkuu wa ukumbi huonwa alasiri ileile ya kupanda, kabla ya chakula cha kwanza. Kesho yake majirani wa meza watakuwa wamekwisha kuzoeana, na hakuna atakayetaka kuhama.