Vitara vya London, wafu wa Kasongo

Julai 1908, kwenye Michezo ya Olimpiki ya London, timu za mataifa zilipambana kwa vitara. Hungary ikachukua dhahabu, Italia fedha, Bohemia shaba. Zaidi ya karne imepita na bado tunawajua waliosimama kwa niaba ya Hungary mmoja mmoja: Jenő Fuchs, Oszkár Gerde, Péter Tóth, Lajos Werkner, Dezső Földes. Walioshindwa nao wameandikwa, hata wa Bohemia, nchi ambayo jina lake halikuonekana tena katika michezo hiyo baada ya 1912.

Kinachonishika si ushindi wao. Siku zile hapakuwa na waya wa umeme wa kuonyesha nani kaguswa. Waamuzi walitegemea macho, na adabu ya mchezo ilimtaka aliyeguswa akiri mwenyewe, kisha ampe mwenzake mkono. Nikiyasoma hayo hapa Kasongo, mashariki mwa Kongo, moyo hunilemea, maana kwetu vyuma vilipokutana, walioanguka hawakuinuka kumpa mtu mkono.

Tarehe 22 Aprili 1893 jeshi la Mfalme Leopold wa Ubelgiji, likiongozwa na Francis Dhanis, liliuteka Kasongo, mji wa Sefu bin Hamed, mwana wa Tippu Tip, mfanyabiashara wa pembe na watumwa. Daktari Sidney Hinde, aliyekuwa pamoja na jeshi hilo, aliandika vitu walivyovikuta: vitanda vya nakshi, vyandarua vya hariri, mishumaa, sukari, vikombe vya fedha na vya kioo, michungwa, maghala yaliyojaa. Chandarua kilipata mtu wa kukiandika. Mtumwa aliyekuwa akikitundika kila magharibi hakupata.

Sisemi mji ule ulikuwa wa haki. Ulisimama juu ya pembe za ndovu na juu ya watu waliokamatwa. Na waliouangusha, wengi wao walikuwa Waafrika vilevile: askari wa Kihausa, na wapiganaji wa Gongo Lutete, ambaye jana yake tu alikuwa mtu wa Tippu Tip. Septemba mwaka huohuo maofisa wa Leopold wakampiga risasi Gongo Lutete kule Ngandu. Mwinyi Mohara, bwana wa Nyangwe, alikuwa amekwisha kuuawa. Sefu naye hakuumaliza mwaka. Januari 1894 Lothaire, ofisa mwingine wa Leopold, akaiteka Kabambare. Tippu Tip, aliyekuwa amekwisha kurudi Unguja, alipoteza mwana na mali, lakini kabla ya kufa mwaka 1905 alisimulia maisha yake yakaandikwa kwa Kiswahili.

Kuandikwa hakumwokoi mtu. Gerde alikuwa Myahudi. Mwaka 1944 alikamatwa, akauawa Mauthausen, na dhahabu zake mbili, ya 1908 na ya 1912, hazikumfaa kitu. Lakini nikitaka kumlilia nina pa kuanzia: jina lake, silaha aliyoishika, wenzake wanne.

Kwetu, khitma ikisomwa, wafu wa nyumba hutajwa: baba, babu, baba wa babu. Kisha kumbukumbu hufika ukingoni, na dua ikawakusanya wote waliotangulia. Watu wa 1893 wamo katika mkusanyiko huo, aliyefunga na aliyefungwa pamoja. Mwinyi Mohara, Gongo Lutete, Sefu: hawa walibaki na majina, na wote watatu walikuwa mabwana. Mimi namlilia mpagazi aliyekufa na pembe begani, na mwanamke wa Kibangubangu aliyetolewa kwao Kabambare kuja kutwanga mpunga wa watu, na askari waliozikwa shimo moja bila kuulizwa walikuwa wa nani. Nawalilia bila kujua nimwite nani.

Salamabila, katika Kabambare hiyohiyo, watu wamekimbia risasi katika miaka hii yetu. Ndugu zangu wa huko, nawaomba: mkishamaliza kuzika, andikeni jina la marehemu, la baba yake na la mama yake, hata kama ni kwenye karatasi iliyochanwa katika daftari la mtoto wa shule.