Mama Anafunga Nzi

Katika methali zetu, nzi hufia kidondani. Kwetu Nairobi, nzi ndiye aliyenilipia karo. Mama yangu hufunga nzi. Nilipowaambia hivyo wanafunzi wenzangu hapa Kigali, mmoja aliuliza nzi hao wamefungwa gereza gani. Tulicheka sote, lakini swali lile lilinikaa: kazi iliyonisomesha haina jina linaloeleweka.

Nzi hawa ni chambo bandia, yaani ndoano iliyovishwa nyuzi na manyoya ya ndege. Uvuvi wa namna hii uliingia Kenya na Waingereza, ambao mwaka 1905 walipandikiza samaki aina ya trauti katika Mto Gura, milima ya Aberdare. Leo nzi wanaofungwa kwa mikono nchini Kenya huuzwa Ulaya na Marekani.

Anayemtesa mama zaidi ni nzi wa mtindo wa Spey, mto wa Uskoti wenye samoni. Hubana ndoano ndefu kwenye jiliwa dogo, akaizungushia sufu nyembamba, kisha utepe wa rangi ya fedha. Halafu huja unyoya mrefu, laini. Huuzungusha kuufuata utepe, nyuzinyuzi zake zikiachwa huru ili zicheze majini kama kitu chenye uhai. Zamani ulikuwa unyoya wa korongo. Siku hizi korongo analindwa na sheria, basi jogoo hushika nafasi yake. Mwisho ni mbawa mbili za manyoya ya bata, zilizolala kama mtumbwi uliopinduliwa. Mbawa ikisimama au kichwa kikinenepa, msimamizi humkataa nzi huyo, na nzi aliyekataliwa halipwi.

Samoni akitoka baharini kupanda mto ili azae, huwa hali tena. Kwa hiyo nzi huyu hamdanganyi mwenye njaa, humchokoza tu. Tena wavuvi wengi wakishamnasa, humrudisha majini. Wenzangu waliokulia kando ya Ziwa Kivu, ambako sambaza huvuliwa usiku kwa wavu ili watu wale, hawaamini. Mama mwenyewe hajawahi kumwona samoni. Husema, "Mimi simfungii samaki, mwanangu. Namfungia mvuvi."

Sasa macho yake yamechoka. Uzi mweusi juu ya ndoano nyeusi humpotea. Kabla hajaiacha kazi hiyo, nataka iwe na jina. Anayesuka nywele ni msusi, anayefua chuma ni mhunzi. Mimi ninayesomea Kiswahili nimependekeza aitwe fundi chambo. Juzi nilimpigia simu nikamwuliza kama jina linamfaa. Akasema ni zuri, kisha akauliza: "Na huyo fundi chambo analipwa kwa dazeni, au kwa mwezi?"