Haja Ndogo, Siri Kubwa

Wahenga walinena kwamba mficha maradhi kifo humuumbua. Mzee mmoja wa Kibirichia, mkulima wa viazi kwenye miteremko ya Mlima Kenya, aliwaasa vijana kwa methali hiyo mara nyingi. Hata hivyo, yeye mwenyewe aliuficha ugonjwa wake kwa miaka miwili.

Kila usiku aliamka mara nne au tano kwenda msalani, akasimama kwenye baridi akingoja mkojo uliotoka kwa matone. Mkewe alipomwuliza, alisingizia baridi. Wanawe hakuwaambia neno, kwani baba mwenye heshima zake hazungumzi nao habari za utupu wake. Alfajiri moja mkojo ulikataa kutoka kabisa. Aliyemwita ni mjukuu wake wa kiume, mwanafunzi wa Kiswahili aliyekuwa likizoni, maana baina ya babu na mjukuu utani huruhusiwa.

"Mjukuu wangu, haja ndogo imenifunga."

"Babu, twende hospitalini. Huenda ikawa ni tezi dume."

Huko aliingizwa mpira kibofuni, akapata nafuu. Daktari alimweleza kwamba tezi dume ni kiungo kidogo kilicho chini ya kibofu, nacho huuzunguka mrija wa mkojo. Mwanamume anapozeeka, tezi hiyo aghalabu hukua na kuubana mrija. Kukua huko si saratani, wala hakugeuki kuwa saratani. Lakini dalili zaweza kufanana, na saratani yenyewe mara nyingi huanza kimyakimya. Kwa hiyo hupimwa damu, kipimo kiitwacho PSA, na daktari huipapasa tezi kwa kidole kupitia njia ya haja kubwa. Akishuku jambo, kinyofu cha tezi hutolewa kikachunguzwa.

Mzee alitahayari. Mjukuu akatoka nje bila kuambiwa.

Tezi iliyokua tu hutibiwa kwa dawa za kulegeza misuli yake au kuipunguza, na dawa zisipofaa, kwa upasuaji kupitia njia ya mkojo. Saratani isiyo kali huweza kufuatiliwa kwa vipimo vya mara kwa mara. Nyingine huhitaji upasuaji au mionzi, na iliyosambaa hudhibitiwa kwa kuzima homoni za kiume. Nelson Mandela alipasuliwa tezi mwaka 1985 akiwa mfungwa, akatibiwa saratani kwa mionzi mwaka 2001, na akaishi hadi 2013, akiwa na umri wa miaka 95.

Vipimo vya mzee havikuonyesha saratani. Alipasuliwa, akarejea kwake.

Tasfida ni sitara ya lugha. Bila maneno "haja ndogo" mzee asingaliweza kufungua kinywa mbele ya mjukuu wake. Walakin, sitara hiyo ilimficha kwa miaka miwili, hadi lilipopatikana jina la ugonjwa wenyewe.

Baada ya mavuno aliwaita wanawe, akalitamka neno "tezi dume" waziwazi. Akawaambia kuwa saratani yake huwapata zaidi wanaume weusi na wale ambao baba au ndugu zao waliugua, hivyo wasingoje dalili. Wote walikaa kimya, macho chini. Hatimaye kifungua mimba, mwenye miaka 49, aliuliza kwa sauti ndogo:

"Baba, hicho kipimo cha damu hufanywa siku gani?"